Mishale ya upinde wako wa kwanza wa msalaba: anza kuchagua kutoka mkiani

Wanaoanza hukosea mahali palepale. Mtu ananunua upinde wa msalaba, anautamani hata kabla hajautoa kwenye boksi, kisha anatafuta mishale. Anatazama ncha kwanza, kwa sababu ndiyo inayometa. Halafu rangi. Halafu bei. Sehemu ndogo ya plastiki iliyo mkiani, ambayo ndiyo peke yake inayogusana na upinde, haiangalii kabisa. Wiki mbili baadaye anauliza kwa nini upote umekatika, au kwa nini mishale inatawanyika kama mbegu zilizomwagika.

Mwongozo huu unageuza mpangilio. Tutaanza na mkia, twende kwenye urefu, uzito na uti, na chembe tutaifikia ikiwa imebaki kidogo sana cha kuamua.

Majina machache kwanza, ili tuelewane. Upote ni uzi wa upinde. Reli ni njia ndefu ambamo mshale hulala. Mikono ni zile sehemu mbili zinazopinda. Vigurudumu ni vile vilivyo kwenye ncha za mikono, na pinde nyingine hazina. Uti ni fimbo ya mshale. Chembe ni kichwa chake cha mbele. Noki ni kipande cha mkiani kinachosukumwa na upote. Mabawa ni vile vipande vyembamba vya karibu na mkia vinavyoutuliza mshale hewani. Kutega ni kuvuta upote hadi ushikwe na kifyatulio, na kutegua ni kuuachilia salama.

Kuna jambo moja la kumaliza kabla hujatoa pesa: sheria. Kuna nchi ambazo upinde huu unauzwa kama kifaa cha michezo, na kuna nchi ambazo unahitaji kibali au umepigwa marufuku kabisa. Uliza kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kijitabu cha maelekezo cha upinde wako. Kama ulinunua mtumba bila kijitabu, tafuta nakala kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya modeli.
- Futi kamba au rula ndefu yenye inchi na sentimita.
- Mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma gramu 0.1 au chini zaidi, kama ile ya kupimia vito. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai hapa, na hatua ya 4 itaonyesha sababu.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Pamba kidogo.
- Kipande cha kioo au meza iliyonyooka kabisa.
- Miwani ya kukinga macho.
- Shabaha iliyotengenezwa kwa ajili ya pinde za msalaba. Shabaha nyingi za povu huandikwa kasi ya juu zinayoweza kuhimili. Soma hiyo namba. Gunia la nguo kuukuu lililoshindiliwa vizuri hufaa kwa mazoezi, ila godoro au katoni tupu hapana, kwani mshale utapita na kuendelea na safari.

## Hatua ya 1: Andika mambo manne kutoka kwenye kijitabu

Fungua ukurasa unaozungumzia mishale, uandike kwenye karatasi:

1. aina ya noki inayotakiwa,
2. urefu wa mshale,
3. uzito wa chini kabisa wa mshale mzima pamoja na chembe,
4. kama kuna kipenyo cha uti kilichotajwa.

Namba 1 na namba 3 si ushauri. Ni masharti. Ukivunja mojawapo na upinde ukapasuka, dhamana haitakusaidia, na hilo ni tatizo dogo ukilinganisha na kipande cha mkono wa upinde kinachoruka karibu na uso wako.

Usikubali jibu la muuzaji la "hii inaingia pinde zote." Hakuna mshale unaoingia pinde zote.

*Umefanikiwa ikiwa* una karatasi yenye majibu manne, na kila moja umelisoma kwa macho yako.

## Hatua ya 2: Chagua noki

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoanguka.

Upinde wa kawaida wa mkononi hutumia noki inayouma uzi, mshale ukashikwa. Upinde wa msalaba mara nyingi haufanyi hivyo. Mshale unalala tu kwenye reli, upote ukiwa nyuma yake, na kinachohakikisha kwamba upote unausukuma katikati ya mkia ni umbo la noki. Umbo likikosewa, upote unaweza kupita juu ya mshale au kuteleza chini yake.

Hilo likitokea, umefyatua upinde mtupu. Nguvu iliyotakiwa kuondoka na mshale hubaki ndani ya upinde na kutafuta pa kutokea: upote hukatika, vigurudumu hupinda, mikono hupasuka. Wakati mwingine hutokea mara moja tu na upinde umekwisha.

Aina utakazokutana nazo ni hizi.

Noki bapa. Mkia uliokatwa ukawa tambarare, bila mfereji. Haina upande wa juu wala wa chini, kwa hiyo hata ukizunguka kidogo haidhuru. Pinde zisizo na vigurudumu za Excalibur ni mfano wa zinazotumia noki bapa.

Noki ya nusu mwezi. Ina mfereji mpana usio na kina, umbo la mwezi mchanga. Upote hukaa ndani ya mfereji huo. Pinde nyingi zenye vigurudumu, zikiwemo nyingi za Barnett, huitaka hii. Uzuri wake ni kwamba inauzuia upote usipande. Ubaya wake ni kwamba mfereji lazima ulale sambamba na upote. Ukisimama wima, upote utagonga masikio mawili ya noki badala ya kukaa katikati, na hapo umerudi kwenye hatari ileile.

Noki yenye mifereji mingi. Ina mifereji kadhaa inayokatana, hivyo hata mshale ukizunguka, kuna mfereji utakaoupokea upote. Imetengenezwa kuwapunguzia watu makosa, na kama kijitabu chako kinairuhusu, ni chaguo zuri kwa anayeanza.

Noki ya kubana. Hii huuma upote na unasikia "kak" mshale ukiingia. Pinde za Ravin, kwa mfano, zina noki yake maalumu ya aina hii. Bila ule mlio, mshale haujakaa, na hauruhusiwi kufyatuliwa.

Nimetaja majina ya kampuni ili upate picha, si ili uache kusoma kijitabu. Kampuni moja inaweza kuwa na modeli mbili zenye noki tofauti.

Pinde nyingi za kisasa zina kizuizi kinachokataa kufyatua kama hakuna mshale. Wengi hudhani kizuizi hicho kinawalinda na noki mbaya pia. Sivyo. Kizuizi kinahisi tu kwamba kuna kitu kimekisukuma; hakijui umbo la kitu hicho. Tena noki isiyo yake inaweza kuacha nafasi ndogo kati ya mshale na upote, upote ukapata mwendo kabla ya kugonga, ukaupiga mshale kama nyundo badala ya kuusukuma.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa upinde wa kuazima. Mishale ilikuwa ya noki bapa, upinde ulitaka nusu mwezi. Mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri, nikajiona mjuzi. Wa nne ulianguka miguuni pangu, na upote ukawa umechanika nyuzi nusu. Kosa la aina hii halijitokezi mara ya kwanza, na ndiyo maana watu hubishana kwamba "mbona mimi natumia na hakuna shida."

*Umefanikiwa ikiwa* jina la noki kwenye kifungashio cha mishale linalingana, neno kwa neno, na lililo kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 3: Chukua urefu ulioandikwa, usiongeze werevu

Pinde za ukubwa kamili kwa kawaida hutumia mishale ya inchi 16 hadi 22, na inayopatikana kwa wingi ni ya 20 na 22, yaani takriban sentimita 51 na 56. Vipinde vidogo vya kushika kama bastola hutumia vishale vifupi vya inchi 6 na kitu, na havibadilishani na hivi vingine kwa namna yoyote.

Mshale mfupi kuliko unaotakiwa unaweza kuifanya chembe ibaki juu ya reli badala ya kutokeza mbele yake. Chembe pana itakwaruza au kugonga reli wakati wa kutoka. Pia kile kichuma kinachoukandamiza mshale usianguke kinaweza kuukosa mahali pake.

Usichukue mishale ya upinde wa kawaida na kuikata. Uti wake mara nyingi ni mwembamba zaidi, noki yake ni ya kushika uzi mwembamba, na haukujengwa kubeba msukumo wa ghafla wa upinde wa msalaba. Uti ukipasuka unapotoka, vibanzi vya kaboni huingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Kuhusu kipenyo, mishale mingi ya pinde hizi ina unene wa karibu milimita 8.7. Mwembamba kuliko huo hukaa chini zaidi kwenye reli, na upote hauugongi katikati.

## Hatua ya 4: Hesabu uzito, kwa greni

Dunia ya mishale hupima kwa greni. Greni 1 ni gramu 0.0648, kwa hiyo mshale wa greni 400 una gramu karibu 26. Sasa unaona tatizo la mizani ya jikoni: gramu moja ni greni zaidi ya 15, na tofauti ya greni 15 kati ya mishale miwili inaonekana kwenye shabaha.

Uzito unaozungumziwa ni wa mshale mzima. Wakati mwingine kifungashio huandika uzito wa uti pekee, na mtu hudhani ndio wote. Jumlisha mwenyewe. Chukua mshale wa kaboni wa inchi 20 wenye uti wa greni 12 kwa kila inchi:

- uti: 12 × 20 = 240
- kichopeko cha alumini cha mbele chenye hesi, ambamo chembe hufungwa: 25
- mabawa matatu: 25
- noki: 15
- chembe: 100

Jumla ni greni 405. Kama kijitabu kinataka angalau 400, umepita kwa mwanya wa kucha. Badilisha chembe iwe ya 125 na utafika 430, unapumua.

Kwa nini uzito wa chini ni sharti? Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote ya upinde. Kinachobaki hukaa kwenye mikono na upote. Kadiri mshale unavyopungua uzito ndivyo unavyokaribia kuwa si mshale, na upinde unavyokaribia kufyatuliwa mtupu.

Hapa ndipo tangazo la kasi linapowaponza watu. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, kwa mfano futi 350 kwa sekunde, ilipatikana kwa mshale wa uzito fulani, mara nyingi mwepesi kabisa unaoruhusiwa. Mnunuzi anataka kuipata namba hiyo, au kuipita, kwa hiyo anatafuta mshale mwepesi zaidi.

Tuipige hesabu tuone anachopata. Tuseme mshale wa greni 400 unatoka kwa futi 350 kwa sekunde, sawa na mita 107. Ukiweka wa greni 450 kwenye upinde uleule, kasi itakuwa karibu futi 330. Katika mita 20, wa kwanza utakuwa umeshuka kama sentimita 17 kutoka mstari wa kutokea, wa pili kama 19. Tofauti ni sentimita 2, na darubini ya kulengea ikishapangwa kwa mshale huo, hata hizo mbili hazipo tena.

Kwa upande wa pili, mshale mzito unatoa mlio mdogo zaidi, unatikisa upinde kidogo zaidi, na hausumbuliwi na makosa madogo. Ushauri wangu kwa mshale wa kwanza ni kukaa greni 20 hadi 60 juu ya kiwango cha chini, ukitunza kiwango cha juu kama kijitabu kimekitaja.

*Umefanikiwa ikiwa* umepima mshale mzima kwenye mizani, chembe ikiwa imefungwa, na namba iko juu ya kiwango cha chini. Hesabu ya kwenye karatasi haitoshi, pima.

## Hatua ya 5: Kaboni au alumini

Mbao iache kabisa kwa upinde wa kisasa. Faibaglasi utaikuta kwenye seti za bei ya chini na vipinde vidogo. Itumie tu kama ndiyo iliyotajwa na mtengenezaji.

Zinabaki mbili.

Alumini inapinda na kubaki imepinda. Hilo ni baya, lakini ni baya la wazi: utaliona. Ni rahisi pia kutengenezwa kwa unyoofu mzuri bila bei kupanda sana. Mshale ukigonga mbao au jiwe, uzungushe mezani, ukiyumba, umekwisha.

Kaboni haipindi. Ama imenyooka, ama imepasuka. Inavumilia kuvutwa kutoka kwenye shabaha mamia ya mara. Hatari yake ni ufa usioonekana, ambao utakuja kufunguka siku ya kufyatua.

Ninachopendekeza ni kaboni, kwa sharti kwamba utaifanyia ukaguzi wa hatua ya 8 kila unapoivuta. Kama unajijua kwamba hutakagua, nunua alumini. Nasema hivyo bila kejeli.

Kuhusu namba za unyoofu kama 0.006, 0.003 au 0.001, hizo ni sehemu za inchi, na ndogo ndiyo bora. Katika mita 20, anayeanza hawezi kuona tofauti ya 0.003 na 0.001, ila mkoba utaiona. Chukua 0.006 au 0.003.

## Hatua ya 6: Mabawa

Matatu, ya plastiki, inchi 2 hadi 4. Moja lina rangi tofauti na hilo ndilo linaloingia kwenye mfereji wa reli, likitazama chini. Mshale wenye mabawa manne usiuchukue kwa reli ya kawaida isipokuwa upinde wako umetajwa waziwazi.

Mabawa yaliyogandishwa kwa mshazari kidogo huuzungusha mshale hewani na kuutuliza. Marefu hutuliza haraka, mafupi hupunguza msuguano. Kwa mazoezi ya mita 10 hadi 30, vyovyote vile utakavyopata vitafanya kazi.

## Hatua ya 7: Chembe, mwishowe

Nunua vyembe vya mazoezi: ncha ya duara iliyochongoka, isiyo na makali ya kukata. Basi.

Vyembe vyenye makali vinapita kwenye shabaha kwa kuichana, vinakata vidole wakati wa kuvifunga, na vinaufanya mshale upae tofauti, kwa hiyo huwezi kujua kama kosa ni lako au ni la chembe. Hata mtu mwenye kibali cha kuwinda huanza na vyembe vya mazoezi hadi mkono utulie.

Cha kulinganisha ni vitu vitatu. Uzito: 100, 125 au 150, na mishale yote iwe na uzito mmoja. Hesi: vyembe vingi vya kuzungusha hutumia kipimo kiitwacho 8-32, lakini thibitisha. Kipenyo: mgongo wa chembe uwe sawa na uti. Chembe nene kuliko uti hung'ang'ania ndani ya shabaha wakati wa kuvuta, na mara nyingi hubaki humo, ukabaki na uti mkononi.

Kisha angalia kama mshale una uzito wa kutosha mbele. Pima kutoka mfereji wa noki hadi mwisho wa uti, bila chembe. Huo ndio urefu. Funga chembe, weka mshale juu ya ukingo wa rula hadi usawazike, uweke alama, kisha pima kutoka mfereji wa noki hadi alama. Toa nusu ya urefu, gawanya kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Mshale wa inchi 20 unaosawazika kwenye inchi 12.6 unakupa 2.6 ÷ 20, yaani asilimia 13. Kati ya asilimia 10 na 20 uko sawa. Chini ya 10, mkia utataka kuongoza safari. Ongeza uzito wa chembe.

## Hatua ya 8: Nunua sita, ukague mmoja mmoja

Sita inatosha. Mitatu ni michache mno kwa kugundua mbovu, na kumi na miwili ni mingi kwa mtu ambaye huenda akabadilisha mawazo mwezi ujao. Iwe ya seti moja, iliyofanana kwa kila kitu.

Andika namba 1 hadi 6 kwenye mabawa, kisha kwa kila mshale:

Pima uzito. Wote uwe ndani ya greni 5 au hivi, karibu gramu 0.3. Ulioachana na wenzake uweke pembeni.

Zungusha. Laza uti kwenye kioo, mabawa yakining'inia nje ya ukingo, uviringishe polepole. Angalia mwanga chini yake na ncha ya chembe. Ncha ikichora duara, ama uti umepinda ama chembe haijakaa sawa. Jaribu kubadilisha chembe kabla ya kuulaumu uti.

Pitisha pamba. Kwa kaboni, telezesha pamba kutoka mkiani hadi mbele. Nyuzi za pamba zikinaswa mahali, pana ufa. Usitumie kidole.

Pinda kidogo. Vaa miwani, shika ncha zote mbili, elekeza katikati mbali na uso, pinda taratibu kidogo tu, sikiliza. Geuza robo mzunguko, rudia hadi umalize pande zote. Mlio wa kupasuka, hata mdogo kama ukucha unaokatika, unatosha kuukataa mshale.

Tikisa noki. Isicheze, isiwe na ufa. Kama ni nusu mwezi, hakikisha bawa la rangi tofauti likiwa chini, mfereji umelala usawa. Noki isiyogundishwa inaweza kuzungushwa ikae sawa.

## Hatua ya 9: Laza mshale kabla ya kutega

Upinde ukiwa umelegea, upote ukiwa mahali pake pa kupumzika, laza mshale kwenye reli na urudishe nyuma hadi noki iguse upote. Tazama kwa upande, kisha kwa juu.

Upote uwe katikati ya mkia, usiwe karibu na ukingo wa juu. Bawa la chini lizame kwenye mfereji bila kulazimishwa. Sehemu ya uti iliyo juu ya reli ilale bila kuyumba.

Kama kuna chochote kisicho sawa, rudisha mishale. Upinde ambao haujategwa ni mahali pa bei nafuu sana pa kugundua kosa.

## Hatua ya 10: Mishale ya kwanza

Simama mita 10 kutoka shabaha. Nyuma ya shabaha pawe na kizuizi cha kweli, si uwazi unaodhani hauna mtu. Tega kwa kamba ya kutegea ili pande mbili zivutwe sawa. Ukitumia mikono mitupu na upote ukatoka katikati hata kidogo, mshale utaenda kushoto au kulia na utaulaumu bure.

Kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa, shika mshale nyuma ya chembe, usukume hadi uguse upote. Uguse kweli. Nafasi ya nusu sentimita ni nafasi ya kuvunja upinde.

Sasa angalia mkono unaoshika mbele. Vidole vyote, kidole gumba kikiwa cha kwanza, viwe chini ya usawa wa reli. Upote hupita hapo kwa kasi ya mshale wenyewe na haubagui.

Piga mishale yote sita, kila mmoja kwenye nukta yake. Usilenge nukta moja, kwa sababu mshale unaogonga mkia wa mwenzake unaharibu yote miwili. Andika ulikoangukia, kwa namba. Rudia mara tatu, kisha sogea mita 20, mara tatu tena.

Usihesabu waliogonga katikati. Darubini bado haijapangwa. Tafuta tabia. Ikiwa mitano inaangukia sehemu moja kuhusiana na nukta zake, na namba 4 kila mara inakwenda kushoto, umempata mkorofi. Mzungushe noki kwa theluthi moja kama ni ya aina inayoruhusu, ili bawa jingine litazame chini, na ujaribu tena. Akiendelea, mtoe kwenye kundi. Ikiwa yote sita yanatawanyika bila mpangilio, mishale haina kosa. Kagua utegaji wako na skrubu za darubini.

Kuvuta mshale pia kuna namna yake. Hakikisha hakuna mtu aliyesimama nyuma yako, kaza kiganja kimoja kwenye shabaha, shika uti karibu kabisa na shabaha kwa kingine, uvute ukizungusha kidogo. Povu huyeyuka kwa joto la msuguano na kuganda kwenye uti. Sabuni kavu ikipakwa kwenye robo ya mbele ya mshale huleta nafuu kubwa.

Ukimaliza na upinde bado umetegwa, usiuache hivyo wala kufyatua mtupu. Baadhi ya mifano ina mtambo wa kutegua kwa mkono. Kwa iliyobaki, weka mshale na uupige kwenye shabaha kutoka mita chache. Ule namba 4 uliotolewa kwenye kundi ndio kazi yake hiyo, maadamu ulikataliwa kwa kupotoka na si kwa ufa.

Wenye ufa ni habari nyingine. Uzungushie mkanda wa gundi sehemu iliyopasuka ili vibanzi visiruke, vaa miwani na glavu, uvunje vipande viwili siku hiyohiyo, kisha utupe. Ukiurudisha kwenye podo, siku utakapomwazima mtu upinde, ndio atakaouchomoa wa kwanza.